Kutembea kwa mwenye kisukari: kabla ya kutoka na ukirudi

Lengo ni dakika 150 kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku tano. Usiache siku mbili zipite mfululizo. Kampala ni vilima vitupu, basi anza na njia tambarare. Wakati mzuri ni baada ya kula: sahani ya matoke hupandisha sukari, na misuli inayofanya kazi huichukua.

Anayetumia insulini au glibenklamaidi (vidonge vya kushusha sukari) apime sukari ya damu kwanza. Ikiwa chini ya 5 mmol/L (kipimo cha sukari ya damu), kula ndizi mbivu, subiri, pima tena. Ikizidi 14 na unajisikia mgonjwa, pumzika. Usidunge insulini pajani halafu ukapande kilima cha Naguru: mguu ukichapa kazi, dawa huingia damuni upesi na sukari huporomoka. Ukitetemeka na kutokwa jasho baridi, kaa chini, kunywa nusu glasi ya soda (yenye sukari, tafadhali), kisha pima baada ya dakika 15. Sukari yaweza kushuka hata usiku, saa nyingi baada ya kutembea.

Kandambili hapana. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Ganzi ya miguu inayoletwa na kisukari huficha kokoto. Ukirudi, kagua nyayo na katikati ya vidole.