Somo: Usaili wa kampuni ya programu Kampala, kuanzia wasifu hadi mkataba

Salaam wanachama. Wengi wenu kazi mnaijua, lakini mnaanguka kwenye usaili kwa sababu mnafikiri kimyakimya. Msaili hawezi kukupa alama kwa wazo lililobaki kichwani mwako.

Hatua ya 1: Wasifu
Kurasa mbili zinatosha. Badala ya kuandika "najua Python" (lugha ya kuandikia programu), andika ulichojenga na nani anakitumia: labda mfumo wa madeni wa duka la Kikuubo, au daftari la SACCO ya kwenu. Weka kiungo cha GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha programu ulizoandika, na ukihakiki kwanza. Kama umesahau humo neno la siri la hifadhidata, msaili makini ataliona.

Hatua ya 2: Simu ya afisa rasilimali watu
Ni fupi. Atakuuliza unaweza kuanza lini na unataka mshahara gani. Taja kiwango cha chini na cha juu, na useme wazi kuwa ni kabla ya makato.

Hatua ya 3: Swali la ufundi
Hapa tukae kidogo. Tuseme umepewa hili: "Kuna orodha ya miamala 10,000 ya pesa za simu. Tafuta namba za miamala zilizojirudia."

Usikimbilie kibodi. Uliza kwanza: orodha imepangwa? Kuna muamala usio na namba? Kisha eleza njia ya kawaida, yaani kulinganisha kila muamala na mingine yote, na utaje gharama yake: ulinganishaji karibu milioni 50. Sasa iboreshe. Pitia orodha mara moja, kila namba ukiiweka kwenye seti, yaani mkusanyiko usiorudia kitu na unaokuonyesha haraka kama kitu kimo. Ukikuta namba imo tayari, imejirudia. Hatua zimeshuka hadi 10,000, ila umetumia kumbukumbu zaidi ya kompyuta. Hilo la kumbukumbu liseme mwenyewe kabla hujaulizwa, maana ndilo linaloonyesha kwamba umepima pande zote mbili. Malizia kwa kujaribu orodha tupu, na orodha ambayo namba zote ni moja.

Swali hili mara nyingi lina mkia: "Mteja amebonyeza Lipa, mtandao ukakatika, akabonyeza tena. Utazuiaje asikatwe pesa mara mbili?" Jibu: simu itengeneze namba ya kipekee ya malipo kabla ya kutuma ombi, na ikirudia itume namba ileile. Seva ikiitambua haikati tena, inarudisha jibu la mara ya kwanza. Na kwenye hifadhidata weka sharti kuwa namba hiyo isijirudie, kwa sababu maombi mawili yanaweza kufika kwa pamoja. Ukieleza hayo kwa utulivu, umeonyesha unaielewa pesa ya watu.

Hatua ya 4: Mkataba
Piga hesabu kabla ya kufurahi. Ukiahidiwa shilingi 2,000,000, kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara) vilivyoanza 2012 utakatwa 502,000, na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 5, yaani 100,000. Mkononi zinabaki 1,398,000, kama hakuna makato mengine. Mwajiri naye anapaswa kukuwekea NSSF asilimia 10 juu ya mshahara wako. Soma pia kipindi cha majaribio: Sheria ya Ajira ya 2006 inaruhusu miezi 6, na hakiongezwi bila wewe kukubali.

Maswali ya wanachama

*Arua: Mwalimu, Kiingereza changu hukwama nikiwa na hofu. Nifanyeje?*
Usaili wa kazi hizi Kampala hufanyika kwa Kiingereza, kwa hiyo zoea kukitamka, siyo kukisoma tu. Tatua swali huku ukijirekodi kwenye simu, kisha ujisikilize. Tumia sentensi fupi. Ukikwama, omba dakika moja uchore.

*Nakivale: Nina kitambulisho cha mkimbizi na sina shahada. Nisijisumbue?*
Jisumbue, ndugu yangu! Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa haki ya kuajiriwa. Shahada baadhi ya waajiri wataidai, wengine wataangalia ulichojenga. Chagua tatizo moja la hapo kambini, ulijengee programu inayofanya kazi hata intaneti ikikatika, uiweke juu kabisa kwenye wasifu.

*Ntinda: Kampuni inataka nijenge mfumo mzima kwa wiki moja, bila malipo, ndiyo wanisaili. Ni sawa?*
Hapana, dada. Jaribio la saa chache nyumbani ni la kawaida. Wiki nzima ya kitu wanachoweza kumuuzia mteja ni kazi, na kazi inalipwa. Waandikie kwa adabu kwamba uko tayari kutoa saa nne, wachague sehemu moja ya mfumo huo, na uitetee mbele yao mkikutana. Wakikataa hata hilo, peleka wasifu kwingine.