SOMO: Kujua mpasuko ulianza kunyanyua Usambara lini

Habarini wana Tanga. Sekondari tulifundishwa Usambara ni mlima wa mpasuko, ardhi ikavutwa upande mmoja ukabaki juu mwingine ukazama. Sasa lini? Wengi wanakimbilia kupima umri wa jiwe, hapo wanapotea, lile jiwe lilipikwa zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita na mpasuko halina habari nao. Tafuta lilipoa lini, maana upande unaopanda unavuliwa mzigo wa juu, jiwe la chini kwenye joto linasogea karibu na uso.

Kwanza sampuli. Anzia Mombo, panda kwa Soni mpaka Lushoto, tofauti ya kimo karibu mita 1,000, kila baada ya mita 100 au 200 (za kimo, sio za barabara, zile kona zitakudanganya) vunja jiwe bichi kilo 3 hadi 5. Lililooza achana nalo.

Pili ponda, chekecha, osha, toa vya sumaku, ubaki na apataiti, punje za madini ya fosfeti.

Tatu ndo penyewe. Ndani ya apataiti kuna urani kidogo, atomu zake zinapasuka zenyewe na kila moja inaacha mchirizi wa kama maikroni 16 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), unasugua punje unachovya asidi ya nitriki sekunde 20 tu alafu unahesabu kwa hadubini, urani nayo unaipima, ukilinganisha hivyo viwili ndo unapata umri wa kupoa. Joto likizidi nyuzi 120 hivi michirizi inafutika, kati ya 60 na 120 inafupika, chini ya hapo inatulia. Mirefu mitupu, jiwe lilipoa haraka. Mifupi imechanganyika, lilizubaa njiani.

Alafu chora grafu, kimo kwenye mhimili wa wima na umri kwenye wa ulalo. Mstari ukikunja ghafla ukawa wima, pale kwenye kona ndo mbio zilianza.

MASWALI

– Mkuu, mita 1,000 si tofauti ya joto ya nyuzi 25 au 30 tu? Kona itaonekana kweli?
Inaweza isionekane kabisa, ndo maana punje hizo hizo unazipima na heliamu, gesi inayotokana na urani kuoza, yenyewe inaanza kubaki kwenye nyuzi 70 hivi, unakuwa na vipimo viwili vya umri kwa jiwe moja.

– Mvua si inamomonyoa tu mlima, mpasuko umeujuaje?
Swali zuri dada. Chukua sampuli na ng'ambo ya ufa (pale ardhi ilipokatika), kwenye vilima vya mwamba vilivyochomoza tambarare. Umri ukifanana pande zote huna ushahidi, ukiruka ghafla ukivuka ufa, upande wa mlima ukawa mdogo, huo ni mpasuko.

– Na ule unga laini ndani ya ufa wenyewe?
Unapimika kwa potasiamu na agoni, ila chuja ule mwembamba kabisa uliozaliwa humo, ukichanganya na chenga za jiwe la zamani unapata umri wa uongo.