Kuonja stauti nzito kwenye joto la Dodoma

Stauti kali, bia nyeusi yenye kilevi cha asilimia 8 hadi 12, hainywewi kama bia ya kawaida ya baridi. Ikitoka moja kwa moja kwenye friji, ulimi unakufa ganzi na unachobaki nacho ni uchungu tu. Itoe dakika 30 kabla, ifike nyuzi 10 hadi 13. Mchana wa Oktoba hapa Dodoma, dakika 20 zinatosha. Ikipata joto zaidi, kilevi kinachoma pua.

Tumia glasi ya mvinyo, ambayo mji huu wa zabibu haukosi. Mimina mililita 100 tu. Izungushe, kisha nusa kwa pumzi fupifupi: kahawa, chokoleti, sukari iliyoungua. Funda la kwanza ni la kuamsha mdomo, usilihukumu. La pili lizungushe ulimi mzima, meza, halafu toa pumzi puani. Harufu nyingi hujitokeza hapo.

Ikinukia boksi lililolowa, hewa imeiharibu, na mara nyingi ghala lenye joto ndilo lililoharakisha. Uchachu wa siki ni bakteria.

Kando weka maji na karanga za kukaanga. Pilipili achana nayo, inazidisha mchomo wa kilevi.