Somo: Sheria ndogo ya kijiji dhidi ya mwanzi unaotambaa

"Mwanzi wa jirani umeingia kihambani kwangu (shamba la nyumbani), nifanyeje?" Swali hili limejibiwa mno. Anayeuliza tena aelekezwe hapa. Somo ni la vijiji: Kibosho, Marangu, Machame. Walio ndani ya Manispaa ya Moshi wapeleke hoja kwa diwani, maana mtaa hautungi sheria ndogo.

1. Pelekeni maombi ya maandishi kwa mtendaji wa kijiji, halmashauri ya kijiji iandae rasimu.

2. Tafsiri, yaani maana ya maneno ndani ya sheria. Hapa ndipo rasimu huharibika. Mkiandika "mwanzi ni marufuku", mmefungia na mwanzi wa kichaka, unaotanuka polepole pale pale ulipo na kushika udongo. Wenye nao wataiangusha rasimu mkutanoni, na watakuwa na haki. Msiandike "mwanzi wa njano" pia. Ule wa njano wenye mistari ya kijani ni Bambusa vulgaris, wa kichaka. Msumbufu unaotambaa, Phyllostachys aurea, mara nyingi ni wa kijani. Andikeni: "mwanzi ambao shina lake la chini ya ardhi hutambaa na kuchipua mbali na shina mama, ikiwemo jamii yote ya Phyllostachys."

3. Masharti. Kupanda: ama umbali kutoka mpakani, ama kizuizi cha plastiki ngumu, unene milimita 1.5, kina sentimita 75, sentimita 5 zibaki juu ya udongo. Kuuza: jimbo la Connecticut, Marekani, tangu 2013 linamtaka muuzaji ampe mnunuzi maelezo ya maandishi kwamba mmea huu hutambaa. Sharti hilo lichukueni, maana tatizo huanzia kitaluni.

4. Mkutano mkuu wa kijiji utoe maoni. Ambatisheni muhtasari na mahudhurio.

5. Halmashauri ya wilaya iidhinishe. Kabla ya hapo msitoze faini.

MASWALI

Kijana wa Hai: Kwa nini tusipige marufuku mianzi yote tu?
— Soma hatua ya 2.

Mama Neema: Shikamoo mwalimu. Mche ukiwa kwenye kiroba, nitautambuaje?
— Marahaba mama, swali zuri sana. Pitisha kidole kwenye pingili, juu ya fundo lenye matawi. Phyllostachys ina mfereji upande wa matawi, na matawi makubwa huwa mawili kwa kila fundo. Kwenye aurea, pingili za chini zimebanana na mafundo yamekaa mshazari. Mche ukiwa mdogo mno, chana kiroba: ukikuta shina jembamba linazunguka ukingoni kama kamba, ni unaotambaa.

Kijana wa Hai: Kizuizi nimeweka na mwanzi umetoka.
— Kimesimama wima au kimelala?

Kijana wa Hai: Wima.
— Ukingo wa juu uinamishe nje kidogo, shina likigonga lipande juu ulione na kulikata. Kagua mara mbili kwa mwaka. Maungio yapishane na yabanwe, hupenya hapo.

Fundi Bustani: Mkiung'oa, vipande msitupe kwenye mfongo (mfereji wa maji ya mashamba). Kipande chenye jicho huota pale maji yanapokiacha. Anikeni juu ya bati mpaka vikauke kabisa.