Kabla ya Kwenda Kuona Ndege Mabamba na Lutembe, Machi na Aprili

Uganda haina bahari, lakini ufuko tunao. Rasi ya Entebbe imezungukwa na Ziwa Viktoria pande tatu, na vinamasi vyenye ndege viko kila upande. Ng'ambo ya magharibi kuna Mabamba. Upande wa pili, ukielekea Kampala, karibu na mdomo wa ghuba ya Murchison, kuna Lutembe. Zote mbili ziliingia mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa: Mabamba ikiwa na hekta 2,424, Lutembe hekta 98 tu. Usiidharau Lutembe kwa udogo wake, maana ndege wanaotua hapo ni wengi mno.

Anayeniuliza aje lini, humjibu kwamba wakati mzuri ni Machi hadi Aprili. Huko Ulaya na Asia baridi inapoisha, ndege waliohamia kwetu tangu Oktoba hufunga safari kurudi kuzaliana. Buabua wa mabawa meupe, vitwitwi, keremkerem na mbayuwayu wa kawaida, wote wanaondoka. Ukimwona buabua mwezi wa Januari ni ndege mweupe mwenye ukijivu, wala hutamkumbuka. Aprili ameshabadilisha manyoya: kichwa na mwili ni cheusi tititi, mabawa meupe, na kundi likigeuka kwa pamoja juu ya maji unaona weusi, kisha weupe, kisha weusi tena. Wakati huohuo mbayuwayu wa buluu, ambaye huzaliana kusini mwa Afrika na yuko hatarini kutoweka, huanza kuwasili Mabamba kukaa hadi Septemba hivi. Kwa hiyo katika majuma machache hayo unaweza kuwakuta wanaoaga na wanaobisha hodi. Nayapenda majuma hayo kuliko mengine yote ya mwaka.

Tatizo ni kwamba ndiyo majuma ya ttoggo, yaani mvua za masika kwa Kiganda, na ziwa halina mzaha. Ndiyo maana nashauri maandalizi ya ziwa yatangulie, darubini ifuate.

Ielewe kwanza tabia ya hewa ya hapa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu ikapanda, na radi ikapiga juu ya maji kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Mchana mambo hugeuka, mawingu yakajikusanya juu ya nchi kavu, na mvua ikanyesha alasiri. Katikati ya vipindi hivyo viwili kuna nafasi ya asubuhi, na hiyo ndiyo yako. Panga uwe gatini saa moja asubuhi, uwe umerudi saa tano. Lakini ukifika ukakuta bado kunanguruma upande wa ziwa, kaa chini ya paa unywe chai. Katika kinamasi mtu aliyeketi ndani ya mtumbwi ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye, na radi haichagui. Mamlaka ya hali ya hewa ya Uganda hutoa utabiri wa ziwa. Uangalie jioni ya kuamkia safari, kisha umsikilize pia mwenye mtumbwi, kwa sababu yeye hulisoma wingu hilo kila siku. Akisema tusubiri, usimbembeleze wala usimwongezee pesa ili akubali.

Jaketi la kuokolea maisha nalizungumzia peke yake. Novemba 2018 meli ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mukono ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu zaidi ya 30 walikufa. Kinamasi ni shwari kuliko maji ya wazi, ni kweli, lakini kuna njia ya kwenda Mabamba inayokatiza ghuba kwa boti kutoka Entebbe, na hapo katikati mawimbi hayana huruma. Kabla hujalipa, omba uoneshwe jaketi. Livae, funga mikanda yote, kisha mwambie mwenzako alivute kwa juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako; omba jingine. Kwa mtoto usikubali jaketi la mtu mzima kwa hoja kwamba "tutalifunga kwa kamba". Kama la saizi yake halipo, mtoto abaki ufukoni na mtu mzima mmoja. Ufukoni penyewe pana ndege wa kutosha kumshangaza.

Kuna jambo ambalo wageni hawalitegemei: njia za maji zenyewe huhama. Mafunjo hapa hayakushika ardhi sana. Mengi yanaelea kwa mizizi iliyofumana, na maji yakipanda au upepo ukizidi, kipande kizima hukatika kikaanza kusafiri. Mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda hadi kuvunja rekodi ya 1964, kisiwa kimoja cha namna hiyo kiliteleza hadi kwenye bwawa la umeme la Nalubaale, Jinja, na mwezi wa Aprili nchi nzima ikakosa umeme. Katika kinamasi kisiwa kidogo tu kinatosha kuziba mfereji mliopitia asubuhi. Kwa sababu hiyo usiweke miadi nyingine kwa haraka mchana huo, na hasa usiende asubuhi ukitegemea kupanda ndege saa nane. Beba maji ya kunywa na chakula kidogo zaidi ya unavyodhani utahitaji.

Barabara nayo ni ya kuipangia. Ukitokea Kampala kwa barabara ya Masaka, unaiacha lami na kuifuata ya murramu kupitia Kasanje, na murramu iliyolowa huteleza vibaya. Boda boda itafika, ila utafika umepakwa udongo. Ukiwa Entebbe ni rahisi zaidi kuvuka Nakiwogo kwenda Buwaya kwa kivuko, kisha kuendelea kwa gari au boda. Ulizia ratiba ya kivuko siku moja kabla.

Sasa mavazi. Wapenzi wa ndege wa nchi nyingine huvaa nguo za mabakamabaka kama za askari ili wasionekane. Hapa Uganda usithubutu. Raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na utajikuta ukijieleza kituoni badala ya kuangalia ndege. Kahawia, kijani kisichong'aa au khaki ya kawaida inatosha. Koti la mvua jepesi, kofia yenye ukingo, mikono mirefu. Tuko karibu kabisa na ikweta. Wingu likifunguka kwa nusu saa jua linachoma shingo hata kama uliondoka nyumbani ukitetemeka. Simu itie ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, na darubini iwe na mkanda shingoni muda wote. Kwa mtumbwini nashauri ya 8x42, inayokuza mara nane, kuliko ya 10x inayokuza mara kumi, maana mtumbwi hauachi kutikisika na kila unavyokuza zaidi ndivyo unavyokuza na mtikisiko. Droni iache nyumbani. Inahitaji kibali, na uwanja wa ndege wa Entebbe uko jirani mno.

Kuhusu afya nitasema machache lakini nayamaanisha. Anayeingia Uganda kutoka nje aje na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Malaria ipo ufukoni, kwa hiyo dawa ya kufukuza mbu na chandarua si hiari kama utalala huko. Kichocho kipo ziwani, na konokono wanaokisambaza hupenda hasa maji yaliyotulia kando ya majani, yaani pale pale unapotaka kushuka kuusukuma mtumbwi. Usishuke. Ukilazimika, vaa buti za mpira, na ukirudi nyumbani nenda ukapime baada ya wiki sita hadi nane. Kikipatikana hutibiwa kwa praziquantel. Halafu kuna sami, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Hawaumi, ila wanaingia puani na mdomoni. Kitambaa chepesi cha kujifunika uso kinakuokoa.

Na ndege aliyekufa usimguse. Januari 2017 mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yaligunduliwa Lutembe baada ya buabua kufa kwa wingi. Ukiona mizoga kadhaa mahali pamoja, mwambie mwongozaji au ofisi ya mifugo ya karibu, uwazuie watoto, basi.

Wengi wanaokuja Mabamba wanamtafuta mmoja tu, korongo nyangumi, bulwe kwa wenyeji. Namwelewa anayemtafuta. Ni ndege wa zaidi ya mita moja, rangi ya majivu, na mdomo mnene uliopinda ncha. Duniani amebaki kwa maelfu machache tu. Ila lazima ujue anavyoishi, vinginevyo utakata tamaa dakika ya kumi. Chakula chake kikuu hapa ni kamongo. Samaki huyo ana mapafu na lazima apande juu kuvuta hewa, basi korongo nyangumi huchagua tundu la maji kati ya mafunjo, anasimama, anangoja. Anaweza kusimama hivyo muda mrefu mpaka udhani ni kisiki. Kamongo anapopanda, ndege hapigi kwa shingo kama koikoi. Anaanguka mbele kwa mwili wote, mabawa wazi, kichwa kikazama. Anaponyanyuka mdomo umejaa majani, matope na samaki kwa pamoja. Hutikisa kichwa taratibu, majani yakadondoka pembeni, na kingo kali za mdomo zikamkata samaki kichwa kabla hajammeza. Tukio lote ni la muda mfupi. Aliyekuwa anachezea simu amelikosa.

Kwa hiyo jiandae kusubiri kimya, na jiandae kukaa mbali. Hili ndilo nalisisitizia kuliko yote. Mwongozaji mwema atasimamisha mtumbwi mapema, na abiria wengine watamnong'oneza asogee kidogo, kidogo tena, kwa ajili ya picha. Acheni. Ndege akinyanyua kichwa na kuwakazia macho, mmeshafika karibu mno. Akianza kutembea, mmemharibia mawindo, na pengine tundu alilolilinda tangu alfajiri. Mkikuta mitumbwi mingine imeshamzunguka, ngojeni zamu yenu kwa mbali. Kuna sile-maua juu ya majani ya yungiyungi, wadiria, mnandi anayeanika mabawa, na ndani ya mafunjo yule mbwigu mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye nje ya vinamasi vya mafunjo haonekani. Huyo unamsikia kabla ya kumwona. Ukibahatika sana utamwona nzohe, swala wa kwato ndefu, akijificha ndani ya maji hadi puani.

Waongozaji wengi wa Mabamba wametoka katika familia za wavuvi, na kuna jambo la kujua kabla hujakaa nao chomboni. Zamani wavuvi waliamini kumwona bulwe asubuhi ni mkosi, kwamba siku hiyo nyavu zitarudi tupu, na walikuwa wakimuua. Leo watu walewale, au watoto wao, ndio wanaomlinda, kwa sababu mgeni anayekuja kumwona anawalipia ada za shule. Ndiyo maana ulipe kwa chama cha waongozaji wa pale gatini, usikubali mtu wa barabarani anayekupunguzia bei. Beba pesa taslimu za noti ndogo. Mtandao wa simu huko unakuja na kuondoka. Na uanze kwa salamu ya asubuhi ya Kiganda. "Wasuze otya ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, ndipo useme shida yako kwa Kiswahili. Mzee aliyesalimiwa vizuri hukumbuka ghafla mahali alipomwona ndege juzi.

Lutembe inahitaji maandalizi tofauti kidogo. Hapo huangalii ndege mmoja bali umati, na umati ukishtuka unaruka wote. Nenda asubuhi jua likiwa mgongoni mwako, simama mahali pamoja, tumia darubini ya miguu mitatu kama unaweza kuazima. Usishike safari ya kuwafuata kwa boti ya injini. Ndege anayejiandaa kuruka maelfu ya kilomita anajaza mafuta mwilini katika majuma haya ya mwisho, na kila anaporushwa bure anapunguza akiba ya safari. Mwishoni mwa Aprili utakuta wamepungua sana. Kama huwezi kuja kabla ya hapo, elekeza siku yako Mabamba.

Mwisho beba daftari na penseli, maana kalamu ya wino hugoma kwenye unyevu. Andika tarehe, saa, mahali, aina ya ndege na makadirio ya idadi, hata ukiwa huna uhakika wa jina. Eleza rangi ya miguu na mdomo, jina utalitafuta baadaye. NatureUganda, shirika la uhifadhi, huhesabu ndege wa majini Januari na Julai, na kati ya miezi hiyo miwili taarifa za Machi na Aprili ni chache. Ukiwa na tarehe ya mbayuwayu wa buluu wa kwanza uliyemwona au ya kundi la mwisho la buabua, wapelekee.