Somo: Nyonga ya mtoto ikiteleza, upasuaji wa skrubu hatua kwa hatua

Mtoto wa miaka 12 anachechemea, na ukimuuliza panapouma anashika goti. Goti linapigwa eksirei, halionekani na kitu, anapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Wiki zinapita, na muda wote huo nyonga inazidi kuteleza. Neva inayohudumia nyonga hutuma pia tawi lake gotini, ndiyo maana maumivu hujitokeza mbali na chanzo. Tafadhali mzazi, mtoto aliye kwenye umri wa kubalehe akilalamikia goti au paja huku akichechemea, omba nyonga nayo ipimwe.

Kichwa cha fupa la paja kimeungana na shingo yake kwa sahani ya ukuaji, tabaka la gegedu (tishu laini kuliko mfupa) linalourefusha mfupa. Wakati wa kubalehe tabaka hilo halina nguvu nyingi. Uzito mkubwa wa mwili, upungufu wa homoni ya thairoidi au ugonjwa wa figo wa muda mrefu unaweza kulifanya liachie. Kichwa hubaki ndani ya kikombe cha nyonga. Shingo ndiyo inayosogea mbele, na mguu unageukia nje.

Hatua ya 1: Asikanyage tena. Tangu eksirei ionyeshe mtelezo, mtoto apelekwe kwa kiti cha magurudumu au machela na alazwe. Usimrudishe nyumbani "kujipanga". Picha zipigwe nyonga zote mbili, kwa mbele na kwa ubavu, kwa sababu mtelezo mdogo hujificha kwenye picha ya mbele.

Hatua ya 2: Je, anaweza kutembea, hata kwa magongo? Jibu hili lina uzito kuliko yote. Akiweza, mtelezo umetulia na matokeo huwa mazuri. Asipoweza kabisa, haujatulia: mishipa ya damu ya kichwa cha mfupa iko hatarini, na upasuaji ni wa dharura.

Hatua ya 3: Chumba cha upasuaji. Mtoto anapewa nusukaputi. Daktari anachana ngozi kidogo tu upande wa mbele wa paja, kisha anapitisha waya mwembamba akiufuata kwenye mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo. Kwa kuwa shingo imesogea mbele na kichwa kimebaki nyuma yake, waya huanzia mbele ya shingo ili ufike katikati ya kichwa na kuikata sahani ya ukuaji kwa pembe mraba. Juu ya waya huo inaingia skrubu moja yenye tundu, unene wa milimita 6.5 hadi 7.3 hivi. Ncha yake ibaki angalau milimita 5 kutoka uso wa kiungo, maana ikichomoza inakwangua gegedu na kuharibu nyonga. Kwa hiyo kabla ya kushona, daktari huzungusha mguu huku akiitazama ncha kwenye kioo, kuona inasogelea ukingo na kuachana nao bila kuuvuka. Huo uangalizi wa dakika chache usirukwe.

Hatua ya 4: Magongo kwa takriban wiki 6, na kurudi kliniki kupiga eksirei mpaka sahani ya ukuaji ijifunge. Kukimbia na kuruka kusubiri ruhusa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo daktari. Mbona hawaurudishi mfupa mahali pake kwanza, ndipo waweke skrubu?

Marahaba. Mishipa inayolisha kichwa hupita nyuma ya shingo. Ukivuta kwa nguvu inakatika au kubanwa, na kichwa kinakufa. Kwa mtelezo uliotulia, skrubu huwekwa mfupa ukiwa hapohapo ulipo. Na kwa sababu hiyohiyo, asikandwe wala kuvutwa na mtu yeyote.

Mwanangu mguu bado umegeukia nje baada ya upasuaji. Utanyooka?

Kama mtelezo ulikuwa mdogo, mfupa hujirekebisha kiasi kadiri anavyokua. Pembe ya mtelezo ikiwa imepita nyuzi 50, mara nyingi mfupa hubaki umepinda na nyonga haikunjiki vizuri. Hapo kuna upasuaji mwingine wa kukata mfupa na kuuelekeza upya. Ni mkubwa zaidi na unahitaji daktari aliyeuzoea, hivyo uliza wazi ameshaufanya mara ngapi.

Na mguu wa pili, dokta?

Nao unaweza kuteleza, mara nyingi ndani ya miezi 18 ya kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 10, au mwenye tatizo la homoni, madaktari wengi humwekea skrubu ya kinga upande ambao haujateleza papo hapo. Wengine hufuatiliwa kwa eksirei. Maumivu mapya ya kinena, paja au goti upande huo, mrudishe siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Skrubu inatolewa lini?

Kwa kawaida haitolewi. Kuichomoa ni kazi ngumu na skrubu huweza kukatikia ndani, kwa hiyo huachwa isipokuwa inamsumbua.