Kupoza tangi la matumbawe Dar msimu wa kaskazi

Nina tangi la lita 300 sebuleni, na kuanzia Desemba hadi Machi nina kazi moja kubwa: maji yasipite digrii 27. Jirani yangu hunicheka, eti napoza maji ya bahari wakati bahari yenyewe ni vuguvugu. Namwambia bahari ina kina na mikondo, na hata hiyo ilipozidi joto mwaka 1998, matumbawe ya Mafia yalipauka na mengi yakafa. Langu ni sanduku la kioo tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mahali. Chila, yaani mashine ya kupoza maji, niliificha kwenye kabati chini ya tangi, nikafunga mlango, maana mke wangu hakutaka muungurumo wakati wa taarifa ya habari. Siku ya tatu kipimajoto kikasoma 30.5 na mashine haipumziki. Nikamwita fundi friji nikidhani gesi imeisha. Akafungua kabati, akaweka kiganja nyuma ya mashine, akacheka. "Bosi, hii haiui joto. Inalitoa majini inalitupa nje. Wewe umeifungia na joto lake."

Sasa iko baraza ya nyuma, kivulini, na nusu mita ya nafasi upande wa feni. Mipira miwili ya maji imepita ukutani, nimeivisha sponji kama mabomba ya AC.

Kabla hujanunua, pima mzigo wako. Mchana wa joto, maji yakiwa 26, acha kila kitu kiwake bila kupoza, uandike joto kila saa. Langu lilipanda digrii 1 kwa saa mbili. Kupandisha lita 300 kwa digrii 1 huchukua kama wati-saa 350, kwa hiyo nilikuwa naingiziwa wati 175 hivi. Tafuta mashine yenye uwezo wa kupoza mara mbili ya hapo. Soma uwezo wa kupoza, si umeme inaokula. Hizo ni namba mbili tofauti. Na koili, bomba la ndani linalogusa maji ya tangi, iwe ya titani. Usikubali fundi akugeuzie mashine ya kupoza maji ya kunywa yenye koili ya shaba iwe chila: shaba ikigusana na maji ya chumvi inaua kamba na konokono, na matumbawe hayaponi.

Kisha punguza joto lenyewe, LUKU itakushukuru. Pampu ya wati 60 iliyozama huacha karibu joto lake lote majini. Taa zangu nimezihamishia saa 10 jioni hadi saa 4 usiku, jua likiwa limepungua makali. Feni juu ya maji nayo inasaidia: lita 1 ikiyeyuka hewani hushusha tangi langu karibu digrii 2, ingawa hewa yetu ya pwani ina unyevu na haipokei haraka. Kinachopotea ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo jaziliza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi.

Mimi nimeweka 26, tofauti digrii 1: inawaka ikifika 27, inazima 26. Ukiweka tofauti ndogo sana kompresa itawaka na kuzima mpaka ife. Kama maji yameshafika 30, yashushe taratibu kwa siku nzima. Vumbi la feni lipige brashi kila mwezi.

Umeme ukikatika, hewa kwanza, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Nina pampu ya hewa ya betri. Ukirudi, friji gadi, kile kifaa cha kulinda mashine na umeme, inaisubirisha kompresa dakika tano. Umeme ukiwa bado haujarudi natumia barafu ndani ya chupa iliyofungwa: ya lita 1.5 hushusha kama nusu digrii. Ziko nne kwenye friza, zimeandikwa ZA SAMAKI kwa kalamu nene, maana watoto walishakunywa mbili.